Uchovu usioisha: tupime damu kabla ya kumeza vidonge

Ndugu zetu wa Jalan Bani Bu Ali, Oman, hupata asidi ya foliki ndani ya mkate. Tangu 1996 unga wa ngano nchini humo hutiwa vitamini hiyo pamoja na madini ya chuma, ili kuwakinga watoto na mgongo wazi.

Je, vidonge vyake huponya uchovu sugu? Hilo halijathibitishwa. Tena huweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa vitamini B12, huku mishipa ya fahamu ikiharibika na miguu kufa ganzi.

B12 hupatikana katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Tunawasihi wasomaji wetu: uchovu ukizidi, mwoneni daktari na mpimwe damu kwanza.