Majitaka na Makombo: Gesi ya Kupikia Kutoka Vitu Vinavyotupwa

Biogesi hutokea pale kinyesi, mabaki ya mimea au ya chakula yanapooza mahali pasipo hewa. Asilimia 50 hadi 70 ya gesi hiyo ni methani, na iliyobaki karibu yote ni hewa ukaa. Methani ndiyo inayowaka. Meta moja ya ujazo ya biogesi ina nishati ya kilowati-saa 6 hivi, karibu sawa na ile iliyomo katika lita 0.6 za dizeli.

Kazi ya kuozesha hufanywa na vijidudu kwa kupokezana. Vya kwanza huvunja wanga, mafuta na protini kuwa chembe zinazoyeyuka majini. Vinavyofuata huzigeuza chembe hizo kuwa asidi, na mwishowe vinakuja vile vinavyotengeneza methani. Hivi vya mwisho ni vigumu kuvilea. Hukua polepole, haviwezi kufanya kazi penye oksijeni, hustawi katika joto la nyuzi 35 hivi, na asidi ikizidi huzorota. Mtambo wa biogesi, uwe wa matofali chini ya ardhi au tangi kubwa la chuma, kazi yake hasa ni kuvitunza.

Hapo ndipo inapoonekana faida ya kuchanganya majitaka na mabaki ya chakula. Kinachotoka chooni kimekwisha kupita tumboni, na mwili umechukua sehemu kubwa ya nguvu yake. Peke yake hutoa gesi haba. Ukoko wa wali, maganda ya ndizi, mchuzi uliochacha na mafuta yaliyokaangia chipsi bado vina nguvu yote, na hutoa gesi nyingi zaidi. Lakini makombo yakiachwa peke yake huleta balaa jingine: sukari na wanga huoza upesi mno, asidi hujaa kabla vijidudu vya methani havijaimaliza, na mtambo huchachuka. Gesi inayotoka huwa zaidi ni hewa ukaa, haishiki moto. Majitaka ya chooni yana amonia, ambayo hupoza makali ya asidi hiyo. Ndiyo maana mhudumu mzoefu huongeza makombo kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huku akipima asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 6.5, huacha kuulisha mtambo mpaka kirudi karibu na 7.

Faida hiyo imedhihirika mjini Oakland, Marekani. Shirika la maji la East Bay Municipal Utility District lilianza mwaka 2002 kupokea taka za vyakula zinazoletwa kwa malori na kuzitia katika matangi yake ya majitaka. Mwaka 2012 mtambo huo ukawa wa kwanza wa majitaka Amerika Kaskazini kuzalisha umeme unaozidi matumizi yake wenyewe.

Afrika Mashariki haiko nyuma. Nchini Rwanda, taasisi ya teknolojia ya Kigali, KIST, ilijenga mitambo ya chini ya ardhi katika magereza yenye maelfu ya wafungwa, na mwaka 2005 ikapata tuzo ya Ashden kwa kazi hiyo. Majitaka yaliyokuwa yakitiririka mabondeni yaligeuka gesi ya jikoni, na kuni zilipungua kwa karibu nusu. Mtaani Kibera, Nairobi, asasi ya Umande Trust imejenga vyoo vya kulipia ambavyo chini yake kuna mtambo wa gesi. Wakazi hupata choo, bafu na jiko katika jengo moja, jambo kubwa katika mtaa ambao kwa miaka mingi ulikosa hata mabomba ya majitaka.

Gesi haifiki jikoni moja kwa moja. Hubeba haidrojeni salfaidi kidogo, yenye harufu ya yai viza. Ni sumu, na hula chuma. Kwa hiyo gesi hupitishwa kwanza katika kopo lililojaa vyuma vyembamba vyenye kutu, ambavyo huinasa sumu hiyo. Viungo vya bomba hupakwa povu la sabuni, na panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Uvujaji haufai kupuuzwa: mbali na hatari ya moto, methani hupasha joto anga takriban mara 28 zaidi ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Jiko la gesi ya mtungi nalo lazima tundu lake lipanuliwe, kwa kuwa biogesi ina nguvu ndogo zaidi.

Tope linalobaki ni mbolea nzuri, kwani naitrojeni na fosforasi hazitoki na gesi. Hata hivyo joto la nyuzi 35 haliui mayai yote ya minyoo. Tope lenye kinyesi cha binadamu lisimwagwe kwenye mchicha wala nyanya. Liwekwe katika mboji yenye joto kali au likaushwe kwa miezi mingi, kisha litiwe kwenye migomba na miti.