Kiribatumbo na Njia ya Hewa

Kiribatumbo (nm. ki-/vi-) ni neno ambatani: kiriba, mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, na tumbo. Katika maandishi ya afya na lishe nchini Tanzania hutajwa pamoja na uzito uliozidi, lakini maneno haya hayana maana moja. Gawanya uzito wa mtu mzima kwa kilogramu kwa kipeo cha pili cha kimo chake kwa mita: kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Kitambi ni tumbo lililotokeza tu. Mnene halitoshi kitabibu, kwani “umenenepa” kwa wengi bado ni pongezi.

Njia ya hewa hupita puani au kinywani, kwenye koromeo, kati ya nyuzi sauti, hadi mapafuni. Isifasiriwe kuwa koo, kwa sababu kooni hupita pia chakula kielekeacho umio. Mrija wa kupumulia ukiingia kwenye umio, hewa huenda tumboni na mgonjwa hukosa oksijeni.

Tofauti hizi huwa na uzito katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mwenye kiribatumbo akilazwa chali, mafuta ya shingoni huibana njia ya hewa, na tumbo husukuma kiwambo juu. Mapafu hubaki na akiba ndogo, hivyo pumzi ikikatika oksijeni hushuka upesi. Ndiyo maana wahudumu humwinua kifua na kichwa, hata tundu la sikio liwe sawa na ncha ya juu ya mfupa wa kidari, na kumpa oksijeni kwa barakoa kabla ya kupitisha mrija.

Tuchukue mfano wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ambako wengi huzungumza Kisukuma nyumbani na kupokea maelezo ya hospitali kwa Kiswahili. Ndugu akiambiwa “tutamwekea mpira kooni”, aweza kudhani ni mpira wa kulishia, akaridhia asichokielewa. Afadhali: “Baba, tutampitishia mgonjwa wako mrija wa kupumulia, uingie kwenye njia ya hewa. Akiwa nao hataweza kusema.” Mrija hupita kati ya nyuzi sauti, ndugu akilijua hilo mapema, kimya cha mgonjwa hakitamtisha.