Bwana Msa na wapelelezi wa zamani: tunakumbuka nini hasa?

Wapo wapelelezi ambao hawajamkamata mtu yeyote duniani, kwa kuwa hawakuwahi kuwapo, na bado watu wazima wenye wajukuu huwataja kwa majina kana kwamba ni majirani waliohama mtaa. Mkenya aliyekulia mbele ya televisheni ya taifa katika miaka ya themanini na tisini atakutajia Derrick wa Munich. Mganda wa rika lake atakutajia huyo huyo. Mtanzania wa pwani, akiulizwa, mara nyingi hutaja jina ambalo halikuanzia kwenye kioo bali kitabuni: Bwana Msa wa Unguja.

Tumeonelea tuliandike jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu wazazi wa hapa Mbagala hutuuliza mara kwa mara watoto wao watazame nini na wasome nini. Baadhi yao husema kwa huzuni kwamba michezo ya zamani ilikuwa na adabu na ya leo haina. Wengine huuliza kama hadithi za mauaji zina nafasi yoyote katika nyumba ya Muislamu. Maswali yote mawili yanastahili jibu, na jibu haliwezi kupatikana mpaka tujue kwanza tunachokitamani tunapokumbuka.

Kioo kilichochelewa

Unguja ilipata televisheni mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaijua rangi kwenye kioo. Bara tulisubiri zaidi ya miaka ishirini. Vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo mtu wa Mbagala mwenye umri wa miaka hamsini leo alikuwa mtu mzima kabla hajaona tamthilia ya upelelezi akiwa nyumbani kwake. Mpelelezi wake wa kwanza alimkuta katika kurasa, tena mara nyingi katika kitabu kisicho na jalada, kilichopita mikononi mwa watu kumi kabla ya kumfikia yeye.

Sisi tuliokuwa watoto mwishoni mwa miaka ya tisini tulikikuta kioo, lakini kilikuwa kimoja kwa nyumba nyingi. Nyumba yenye televisheni ilikuwa ya mtaa mzima. Watoto waliketi mkekani, wakubwa wakakaa vitini, na mwenye nyumba ndiye aliyeamua kinachotazamwa na saa ya kuzima. Mchezo ukifika penye jambo lisilofaa, mtu mzima mmoja alikohoa na kioo kikabadilishwa. Hakuna aliyeyaita hayo malezi, lakini ndiyo yaliyokuwa malezi.

Mtu wa kiko na maswali

Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba Bwana Msa, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 alikuwa mhariri wa jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, lililoandaliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Baada yake kilikuja Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa, vyote katika miaka ya sabini, na hatimaye Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki dunia mwaka 1991.

Wahakiki wamekwisha kuonyesha kuwa Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes wa Uingereza. Anavuta kiko, ana rafiki wa kumfuata na kumuuliza, yaani Najum, na yupo Inspekta Seif wa polisi anayehitaji msaada wa akili yake. Kiko chake hatukisifu. Lakini undugu huo haumfanyi kuwa mgeni. Bwana Msa anatembea katika mashamba ya minazi na mikarafuu, anapiga hodi, anaketi barazani, anasalimia kwa utaratibu kabla ya kuuliza, na anajua kwamba katika mji wa watu wanaojuana, ukweli umefichwa ndani ya nasaba, mirathi na maneno ambayo jamaa hawakubali kuyasema mbele ya mgeni.

Liko jambo kubwa zaidi katika vitabu hivyo. Katika kitabu cha kwanza, maiti ya mtu mwenye mali inakutwa penye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa. Jina Giningi nalo, kwa mtu wa Unguja, ni jina la makutano ya wachawi. Mwandishi alichukua mahali pale pale ambapo hofu huwafanya watu waache kuuliza, akamweka hapo mtu anayeuliza. Wengine wanapotazama mzimu, Bwana Msa anatazama nyayo, saa, na nani alifaidika. Kwa msomaji wa mwaka 1960, aliyezoea kuambiwa kwamba kifo cha ghafla kina mkono wa mtu fulani mwenye jicho baya, hilo lilikuwa somo zito lililofichwa ndani ya burudani.

Hakubaki peke yake. Mwaka 1965 Faraji Katalambula alitoa Simu ya Kifo, na upelelezi ukaingia katika mitaa ya Dar es Salaam. Baadaye Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, naye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Hao walikuwa watu wa mbio, bastola na hatari za kimataifa. Vijana waliwapenda sana. Lakini tukisikiliza vizuri, tunaona kwamba Willy Gamba hukumbukwa kwa alivyopigana, na Bwana Msa hukumbukwa kwa alivyofikiri.

Derrick na sura aliyoificha mwigizaji wake

Derrick alipendwa kwa sababu hiyo hiyo. Tamthilia yake ilitengenezwa kwa ajili ya kituo cha ZDF cha Ujerumani kuanzia mwaka 1974 hadi 1998, sehemu 281, zote zikiwa zimeandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker, na ikauzwa katika nchi zaidi ya mia moja. Mpelelezi mwenyewe ni mtu mzima mwenye koti na tai, anayezungumza kwa sauti ya chini, ambaye bunduki kwake ni jambo la nadra. Anaingia katika nyumba za matajiri, anaketi, anauliza swali, ananyamaza, na kimya chake kinamlemea mwenye hatia. Hakuna anayekimbizana sana. Mwishoni tunajua nani aliua, na tunajua pia ni udhaifu gani wa kibinadamu uliomfikisha pale.

Mwaka 2013, miaka mitano baada ya kifo cha Horst Tappert aliyeigiza nafasi hiyo, ilibainika kwamba katika ujana wake alitumikia Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler, na kwamba jambo hilo hakulisema hadharani maisha yake yote. ZDF ikaacha kurudia tamthilia hiyo. Mtu aliyejulikana ulimwenguni kwa kufichua siri za wengine alikuwa na yake.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatupa kipimo cha haki cha kumbukumbu. Anayedai kwamba zamani kulikuwa na wema mtupu hajapeleleza vya kutosha. Hata hivyo, alichojifunza mtazamaji wa Nairobi au Kampala, yaani subira, kusikiliza na kutomhukumu mtu kwa sura yake, hakikugeuka kuwa uongo siku ile. Somo lilikuwa kweli, ingawa aliyelibeba hakuwa alivyodhaniwa.

Kuuliza kabla ya kuhukumu

Hapa ndipo tunapofika penye uzito wa jambo lenyewe. Kinachotamaniwa katika hadithi hizi ni uhakika kwamba mtu hatahukumiwa mpaka ukweli ujulikane. Katika hadithi za namna hii mara nyingi yupo mtu ambaye kila mmoja anamshuku, mwenye sababu, mwenye ugomvi na marehemu, na bado hakuua. Msomaji mwenyewe humshuku, kisha huona haya.

Sisi wa Mbagala tunajua gharama ya kukosa subira hiyo. Oktoba 2012 mabishano ya watoto wawili yalifikia Msahafu kuvunjiwa heshima. Lilikuwa jambo chungu kwa kila Muislamu. Lakini habari ilikwenda haraka kuliko maswali, umati ukakusanyika, na makanisa yakashambuliwa. Kitendo cha mtoto mmoja kikalipwa na watu ambao hawakuwapo, hawakujua na hawakutenda. Na ni nani kati yetu ambaye hajasikia neno “mwizi!” likipigwa kelele mtaani, na mawe yakaokotwa kabla mtu yeyote hajauliza kilichoibwa?

Surat al-Hujurat imetuamrisha kuthibitisha habari inapoletwa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sura hiyo hiyo imetukataza kupelelezana aibu. Amri hizi mbili hazigongani. Kuchungua siri za jirani ambaye hakumdhulumu mtu ni dhambi. Kuuliza kwa makini pale damu ilipomwagika au mali ilipochukuliwa, ili asiye na hatia asalimike, ni uadilifu. Mzazi akiweza kumfahamisha mtoto tofauti hiyo kupitia hadithi, hadithi imefanya kazi njema.

Basi kwa wanaouliza kama hadithi za upelelezi zifukuzwe nyumbani, ushauri wetu ni kuchagua, si kufukuza. Ipo michezo ya leo ambayo humwonyesha mtoto jeraha kwa karibu na kumficha sababu. Hiyo haifai kuwa chakula cha usiku. Lakini shida iliyo kubwa zaidi ni kwamba mtoto wa leo hutazama peke yake, kwa simu, akiwa chini ya shuka, na hakuna mtu mzima wa kukohoa.

Hatuwezi kuurudisha mkeka wa jirani, wala si lazima. Nyumba nyingi za Mbagala zina saa moja kati ya chakula cha usiku na kulala. Kitafuteni kitabu kimoja cha Bwana Msa, kwa wauza vitabu vya mitumba au kwa ndugu aliyekitunza. Mmoja asome kwa sauti, sura moja kila usiku, simu zikiwa mbali. Mkifika karibu na mwisho, kifungeni kitabu na mwulizeni kila mtoto: unadhani ni nani, na ushahidi wako ni upi? Atakayetaja jina bila ushahidi, mwambieni kwa upole arudi nyuma akasome tena.