Kupunguza Mali ili Kusafiri Uzeeni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuuza

Kwa wengi, kustaafu hukuta nyumba iliyojaa: makabati, seti mbili za makochi, vyombo vya wageni ambao hawaji tena, na gari lisilotoka uani juma zima. Watoto wamekwisha kujitegemea. Vitu hivyo hudai ulinzi, ukarabati na nafasi, huku hamu ya kuiona dunia ikiwa imesubiri tangu ujanani. Ndiyo maana baadhi ya wastaafu huamua kuuza au kugawa sehemu kubwa ya walivyo navyo, wabaki na vichache, na fedha waielekeze kwenye safari.

Uamuzi huo waweza kuwa wa busara. Hata hivyo, mali hazilingani. Kochi likiuzwa, jingine hununuliwa. Nyumba au kiinua mgongo kikipotea katika umri wa miaka 60, ambao ni umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma nchini Tanzania, muda wa kukitafuta upya ni mfupi. Makala haya yanaeleza namna ya kupunguza bila kujidhulumu wala kudhulumiwa.

Anza na daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Orodhesha kila kitu chenye thamani, kisha kigawe katika mafungu matatu: cha kuuza, cha kugawa na cha kubakiza. Fungu la kubakiza lisikose hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, barua ya kustaafu, kadi ya bima ya afya na wosia. Nyaraka hizi hazichukui nafasi, na kuzipata upya kwaweza kuchukua miezi.

Uuzapo chombo chenye thamani, andikeni hati fupi ya mauziano yenye majina, bei, tarehe na sahihi. Ukimtumia dalali, kubalianeni kamisheni yake kwa maandishi kabla ya mnunuzi kupatikana. Gari likiuzwa, hakikisha umiliki umehamishwa rasmi katika Mamlaka ya Mapato. Vinginevyo faini za barabarani zitaendelea kusomeka kwa jina lako. Simu na kompyuta zifutwe taarifa zote kabla ya kukabidhiwa.

Nyumba: kuuza au kupangisha?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tuchukue mfano wa nyumba yenye thamani ya shilingi 120,000,000. Ukiiuza na kutumia shilingi 20,000,000 kila mwaka kwa safari, fedha hiyo itakwisha katika mwaka wa sita. Aliyeanza akiwa na miaka 60 atafika 66 hana nyumba wala akiba. Ukiipangisha kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, utapata shilingi 7,200,000 kwa mwaka kabla ya kodi na matengenezo. Safari zitakuwa fupi zaidi, lakini nyumba itabaki yako, na siku miguu itakapochoka utakuwa na pa kurudi.

Iko sababu nyingine ambayo wengi huisahau. Maofisa wa viza wa nchi nyingi humpima mwombaji kwa vitu vinavyomvuta kurejea kwao. Nyumba, pensheni na familia ni miongoni mwa ushahidi huo. Mtu aliyeuza kila kitu ili asafiri anaweza kujikuta amejipunguzia nafasi ya kupewa viza.

Kama ni lazima kuuza, kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Ukiipangisha na kumwachia ndugu usimamizi, mpe hati ya uwakilishi inayotaja bayana anachoruhusiwa kufanya: kukusanya kodi na kulipia matengenezo, bila mamlaka ya kuuza.

Fedha ya mauzo

Mstaafu mwenye fedha mkononi hupata marafiki wapya. Jihadhari na anayeahidi faida kubwa kwa muda mfupi, na klabu za likizo zinazodai malipo makubwa ya mkupuo kwa ahadi ya hoteli duniani kote. Usitie sahihi siku hiyo hiyo ya mkutano. Chukua mkataba nyumbani, uusome na mtu mwingine, na uulize namna ya kujitoa na kiasi utakachorudishiwa. Akikataa usiondoke nao, amekwisha kukujibu.

Tenga kwanza fedha ya dharura na ya tiketi ya kurudi, usiiguse. Kwa inayobaki, dhamana za serikali zinazouzwa na Benki Kuu ni mojawapo ya njia za kupata kipato kinachotabirika. Hatifungani hulipa riba kila baada ya miezi sita.

Bima na dawa

Bima ya afya ya ndani kwa kawaida haivuki mpaka. Kwa nchi za eneo la Schengen barani Ulaya, mwombaji wa viza ya muda mfupi hutakiwa kuwa na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Viza hiyo huruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: ukomo wa umri, maradhi yasiyofidiwa na kiasi utakachochangia mwenyewe. Tangaza shinikizo la damu, kisukari au upasuaji uliopita. Anayeficha ili alipe kidogo huipa kampuni sababu ya kukataa dai lake akiwa hospitalini ugenini.

Dawa zibaki katika vifungashio vyake, pamoja na maelezo ya daktari. Baadhi ya dawa za maumivu zinazotumika kwetu, kama zile zenye kodeini au tramadoli, hudhibitiwa vikali katika nchi nyingine, Umoja wa Falme za Kiarabu zikiwamo.

Mzigo mwepesi na haki zako

Sanduku dogo la kuingia nalo ndani ya ndege hupunguza gharama na hatari ya kupotelewa. Dawa, nyaraka na betri za akiba zisiwekwe kamwe katika mzigo unaokabidhiwa.

Mzigo uliokabidhiwa ukiharibika, lalamika kwa shirika la ndege kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako. Hayo ni masharti ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, ukomo wa fidia ya mizigo kwa abiria mmoja ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kiwango cha juu. Utalipwa kwa hasara unayoithibitisha. Tunza tiketi, kipande cha mzigo na risiti.

Kabla ya kuondoka

1. Uliza mfuko wako wa pensheni utaratibu wa uhakiki wa wastaafu walio nje ya nchi, ili malipo yasisitishwe.
2. Hakikisha laini yako ya simu itaendelea kufanya kazi. Namba za uthibitisho za benki hutumwa huko.
3. Kagua pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6.
4. Mwachie mtu mmoja unayemwamini nakala za nyaraka na ratiba yako.
5. Jaribu kwanza miezi miwili au mitatu kabla ya kuuza vitu usivyoweza kuvirudisha.

Ukidhulumiwa, anza kwa kumwandikia mtoa huduma na utunze nakala. Asipokujibu, malalamiko ya usafiri wa anga hupelekwa TCAA, ya bima TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ya huduma za benki Benki Kuu ya Tanzania.