Mzaha Uliomgharimu Mtunzi

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwaka 1975, katika vichekesho vya televisheni ya BBC, Uingereza, Eric Idle na Neil Innes walizua kikundi cha uwongo, The Rutles, kuwaiga Beatles. Filamu yao ikafuata 1978, na George Harrison, Beatle halisi, akaigiza humo kama mwandishi wa habari. Nyimbo alizitunga Innes mwenyewe. Hata hivyo kampuni iliyomiliki nyimbo za Beatles ilidai, naye akaachia nusu ya mapato. Kwetu, ndugu msomaji, mshairi humjibu mwenziwe kwa vina na mizani zile zile, wala haitwi mwizi. Aliyeigwa kacheka, mwenye hati kadai. Jasho lilikuwa la nani?