Kushusha gari Ukambani: Yafaayo kujulikana kabla ya kukata springi

Kijana anayerejea nyumbani Kitui au Makueni wakati wa Krismasi kwa gari lililoshushwa huwa na raha kamili hadi anapoiacha lami. Kutoka Nairobi kupitia Sultan Hamud, Emali na Makindu, gari hulala chini na kukata kona bila kuyumba. Anapopinda kuelekea kijijini, sauti ya kwanza huwa ya bampa ikikwaruza tuta. Ya pili huweza kuwa ya jiwe likipasua sampu ya oili, na injini iliyopoteza oili haichukui muda mrefu kabla ya kukwama.

Kushusha gari ni kupunguza umbali ulioko kati ya ardhi na tumbo la gari kwa kubadilisha springi, au springi pamoja na shokabsoba zake. Baadhi ya madereva hufanya hivyo kwa ajili ya umbo, wengine kwa ajili ya mwendo. Mtindo huu ulistawi miongoni mwa vijana wa Marekani wenye asili ya Mexico, hasa mjini Los Angeles, katika miaka ya 1940 na 1950. Wengine walikata springi, na wengine wakatia mifuko ya mchanga kwenye buti ili gari liiname. Jimbo la California lilijibu kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka wa 1958, ikipiga marufuku gari ambalo sehemu yake yoyote ilikuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipoondolewa kuanzia Januari 2024.

Faida ya kushusha gari si porojo. Uzito wa gari unaposhuka karibu na ardhi, gari hupunguza kuinama linapokata kona, na matairi ya pande zote mbili huendelea kushika barabara vyema. Ndiyo maana magari ya mashindano yanayokimbia kwenye lami huwa chini. Lakini magari ya mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka wa 1953, huinuliwa na kupewa springi zenye nafasi kubwa ya kucheza, kwa sababu barabara za vumbi na mawe hudai hivyo. Anayetaka kuiga magari ya mbio yampasa kwanza ajiulize ni mbio zipi, na kwenye barabara ipi.

Gurudumu huhitaji nafasi ya kupanda linapopiga shimo. Tuseme gurudumu la gari fulani linaweza kupanda sentimita 8 kabla ya kugonga mpira wa kuzuia. Gari hilo likishushwa sentimita 5 bila kubadilisha kitu kingine, husalia sentimita 3 pekee. Shimo dogo huzimaliza, na kishindo hupita moja kwa moja hadi kwenye bodi, bushi na shokabsoba. Tairi nalo huweza kuruka na kuachana na barabara, na tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kufuata usukani.

Mzigo huzidisha tatizo. Gari lililopimwa likiwa tupu kwenye gereji ndilo litakalobeba watu watano kutoka Wote hadi Kathonzweni, pamoja na gunia la ndengu au kreti za maembe. Sentimita zilizosalia humalizwa na mzigo huo kabla hata ya safari kuanza.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na namna kazi inavyofanywa. Njia ya bei nafuu ni kukata springi kwa msumeno. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikikatwa 2, hubaki na 6, na ugumu wake huongezeka kwa takriban thuluthi moja. Shokabsoba iliyoundwa kutuliza springi ya awali hushindwa kuituliza hii mpya, na gari hudundadunda. Vilevile, springi iliyokatwa huweza kuwa fupi kuliko nafasi yake. Gurudumu linaponing'inia, kama linapoingia kwa kasi kwenye drifti ya mto wa mchanga, springi huweza kuchomoka kitini mwake, na gari likatua likiwa limeegemea upande mmoja.

Kuna pia wanaoichoma springi kwa moto ili ilegee na kushuka. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa joto kwa kipimo maalum kiwandani. Moto wa gereji huiharibu nguvu hiyo, na springi huendelea kulala au huvunjika siku isiyotarajiwa.

Aidha, pembe za magurudumu hubadilika gari linaposhuka, na matairi huanza kulika upande wa ndani, mahali ambapo dereva haoni kwa urahisi. Likishushwa mbele pekee, taa humulika karibu mno, jambo la hatari usiku katika barabara ambazo punda na ng'ombe huvuka. Baadhi ya pikapu na magari ya mizigo huwa na vali inayopima mzigo kwa kutazama kimo cha nyuma. Likishushwa nyuma, vali hiyo hudanganyika kwamba gari limejaa, ikaongeza breki za nyuma hadi magurudumu yakajifunga na gari kuteleza.

Ukambani, madereva wengi hufanya kinyume: huinua magari yao kwa kuweka vipande vya chuma au mpira juu ya springi. Hilo huokoa sampu, lakini nalo lina gharama. Uzito hupanda juu, gari huinama zaidi konani, na pembe za magurudumu huvurugika vilevile.

Kwa anayeshikilia kushusha, njia salama ipo. Anunue springi fupi zilizoundwa kwa ajili ya gari la aina yake, pamoja na shokabsoba zinazolingana nazo, na zibadilishwe zote nne. Asishushe zaidi ya sentimita 2 au 3, kisha apime alaimenti na kurekebisha taa. Aiarifu pia kampuni yake ya bima, kwani mabadiliko yaliyofichwa huweza kuzua mzozo wakati wa kudai fidia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hudai gari litunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara, na springi iliyokatwa ni vigumu kuitetea.

Kabla ya yote hayo, kipo kipimo kisichogharimu chochote. Mwenye gari alipakie abiria na mizigo anayobeba kwa kawaida, kisha apime kwa rula kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari. Akipata sentimita 15, na njia ya kwao ina matuta ya sentimita 10, basi nafasi aliyo nayo ni sentimita 5 tu. Hizo ndizo zinazomfikisha nyumbani.