Kifungo Kilicholegea

Wanachama wenzangu,

Msimu uliopita nalirudi Ng'ambo na fedha za karafuu katika mfuko wa koti. Kifungo kilikatika njiani, na noti mbili sikuziona tena. Kwa hiyo naeleza kazi hii, ambayo kila mtu aweza kuifanya nyumbani.

Kifungo cha matundu 2 au 4: tumia uzi uliokunjwa mara mbili, wenye fundo. Weka kijiti cha kibiriti juu ya kifungo, ushone kupita juu yake mara 4 kwa kila jozi ya matundu. Ondoa kijiti, vuta kifungo juu, uzungushe uzi chini yake mara 5, kisha piga fundo kwa ndani. Hiyo ndiyo shingo. Pasipo shingo, nguo nzito hukibana kifungo na uzi hukatika.

Kifungo chenye kikonyo nyuma hakitaki kijiti, kwani shingo yake ni kikonyo chenyewe. Kishone kwa mishono midogo iliyokazwa.

Kifungo cha koti: weka kifungo kidogo upande wa ndani, ushone vyote viwili pamoja, nguo isichanike.

Basi, kabla ya kwenda kupokea fedha, jaribu kila kifungo kwa kidole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katibu wenu